Haragwe la Calabar

Mama yangu aliacha matone ya macho kwa miezi mitatu bila kutuambia. Kichupa nilikikuta kimejaa kwenye friji, na jikoni kulikuwa na sufuria ya majani ya mlonge. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, zile ni kemikali. Haya ni ya asili, hayana madhara."

Siku ile sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, katika historia ya haragwe moja.

Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na haragwe waliloliita esere. Aliyeshukiwa uchawi alilishwa. Akitapika akapona, hana hatia. Akifa, basi alikuwa mchawi. Huku kwetu wazee waliyajua mambo ya namna hiyo kwa jina la mwavi. Mwaka 1846 daktari Mwingereza, William Daniell, aliandika habari za haragwe hilo, na baadaye mbegu zikafika Edinburgh. Mwaka 1855 Profesa Robert Christison alikula kipande ili ajionee mwenyewe. Viungo vikamlegea, moyo ukayumba, ikabidi anywe maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike.

Mwaka 1863, katika mji huohuo, Douglas Argyll Robertson alitia dawa ya haragwe hilo katika jicho lake. Mboni ikasinyaa ikawa ndogo. Ndipo mwaka 1876 Ludwig Laqueur, daktari wa macho wa Strasbourg, akaitumia kutibu glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Yeye mwenyewe alikuwa nao. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa upasuaji ulioanzishwa na Albrecht von Graefe katika miaka ya 1850. Sasa presha ya jicho iliweza kushushwa kwa tone. Mwaka uliofuata ikaja pilokapini, kutoka majani ya jaborandi ya Brazil, na hadi leo haijatoweka.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kupitia vijia vyembamba. Yasipotoka vizuri, presha hupanda na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huumia polepole, bila maumivu. Tone la haragwe lilisinyaza mboni na kusaidia vijia hivyo kufunguka.

Nilimsimulia Mama haya yote jioni moja barazani. Nilimwambia kwamba sumu ya mwavi nayo ilikuwa ya asili. Kilichoigeuza dawa ni kipimo: watu walijua ni kiasi gani kinaingia jichoni na kinafanya nini humo. Majani yake ya mlonge ni mboga nzuri, ale tu. Kutembea kila asubuhi pia kunaweza kushusha presha ya jicho kidogo. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya matone.

Alinyamaza, kisha akauliza: "Na nilichokwisha kupoteza?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Mshipa ule ukishakufa haufufuki. Miezi ile mitatu ilikuwa imeondoka na sehemu ya upande wa kushoto. Sasa kikombe kikiwekwa huko hakioni, mpaka akigonge.

Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki pamoja. Ugonjwa huu hufuata damu, na sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo nami nilipimwa. Safari hii presha yangu ilikuwa ya kawaida. Nimeambiwa nirudi kila mwaka, na nitarudi.

Siku hizi adhana ya Isha ikimalizika, Mama huinua uso, huvuta chini kope ya chini, na kuniita: "Njoo unitilie lile haragwe lako."

Dawa yake si ya haragwe. Sijamsahihisha.