Kisiwa Kisicho na Shaba: Zanzibar na Sisi Watu wa Katanga

Tunapofundisha historia ya uchumi, wanafunzi wetu wanauliza mara nyingi: inchi isiyokuwa na shaba, isiyokuwa na kobalti, inaishi namna gani? Swali hili si la kuchekwa. Sisi watu wa Lubumbashi tumezoea kufikiri kwamba utajiri wote unatoka chini ya udongo. Mji wetu wenyewe ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na wazee wetu walikuwa wakisema: « Kazi ya kampani njo baba, njo mama. » Basi, ndugu msomaji, tuchukue mfano wa inchi ndogo ambayo haikupewa madini, nayo ni Zanzibar. Hatuichagui kwa bahati tu. Historia yake na yetu zimeshikana tangu zamani, na lugha hii tunayoandika ni ushuhuda.

1. Forodha mbele ya shamba

Unguja na Pemba pamoja hazifiki kilometa mraba 3,000. Haut-Katanga peke yake inazipita karibu mara hamsini. Visiwa hivyo havikuwa na dhahabu wala shaba wala pembe za ndovu. Vilichokuwa nacho ni bandari nzuri na pepo za msimu, yaani kaskazi inayoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi inayoyarudisha.

Seyyid Said, mtawala wa Oman, aliliona jambo hilo vizuri. Karibu na mwaka wa 1840 alihamishia makao yake Zanzibar. Mwaka wa 1833 alikuwa amekwisha kufanya mkataba na Wamarekani: bidhaa zao zitalipa ushuru wa asilimia 5 tu. Waingereza walifuata mwaka wa 1839, na Wafaransa mwaka wa 1844. Ushuru wenyewe hakuukusanya yeye. Alimkodishia mfanyabiashara Mhindi, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Jairam Sewji. Mwenye kukodi alimlipa Sultani kiasi cha feza kilichopatanwa kila mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake.

Hapo tunaona namna inchi maskini ya mali ilivyoweza kuwa tajiri. Pembe za ndovu zilitoka bara, nguo za merikani zilitoka Salem kule Marekani, shanga zilitoka Ulaya. Zanzibar haikutengeneza hata kimoja kati ya vitu hivyo, lakini vyote vilipita mlangoni mwake, na kila kilichopita kiliacha kitu.

2. Karafuu, na watu walioilima

Mmea uliojulisha jina la Zanzibar duniani haukuwa wa kwao. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said alihimiza ipandwe kwa wingi, hata katikati ya karne hiyo Zanzibar ikawa ya kwanza duniani kwa karafuu.

Lakini tusifundishe watoto nusu ya habari. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na watumwa walitoka bara, kwa wababu zetu vilevile. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, na utumwa wenyewe ulivunjwa kwa sheria mwaka wa 1897. Mtu akisifu akili ya biashara ya kisiwa kile na kunyamaza juu ya jambo hili, hesabu yake haijatimia.

Tena kulikuwa na udhaifu mwingine. Mwaka wa 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Pemba iliponea, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo wa karafuu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1980, Indonesia, ambayo ilikuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaanguka. Safari hii miti ilibaki imesimama, lakini feza ilikwisha. Na kwa kuwa serikali ndiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kununua, na ililipa mkulima kidogo, wengine walivusha magunia yao usiku mpaka Kenya.

3. Njia iliyofika Bunkeya

Sasa turudi kwetu. Kabla ya mzungu, wababu walichimba na kuyeyusha shaba, ambayo wanaiita mukuba. Waliimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama feza na kama mali ya kuoa. Hata bendera ya Katanga ya mwaka wa 1960 iliichora mitatu.

Shaba hiyo ndiyo iliyovuta wafanyabiashara wa Unyamwezi na Usumbwa. Kati yao alikuwa Msiri, ambaye baba yake, Kalasa, alikuwa akija kutafuta shaba. Msiri alijenga utawala wake Bunkeya, akauza shaba, chumvi, pembe na watumwa pande zote mbili, Atlantiki na Bahari ya Hindi, akapata bunduki, baruti na nguo. Kiswahili nacho kilipita katika njia hiyo. Na mwaka wa 1891 msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II, ulitoka Zanzibar pamoja na wapagazi na askari wa pwani. Tarehe 20 Desemba mwaka ule Msiri aliuawa. Mlango uleule ulioingiza merikani uliingiza pia ukoloni.

4. Wenye shaba na njaa

Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka wa 1911. Kuanzia mwaka wa 1967 kampani ikawa ya Serikali, ndiyo Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kampani ilitoa nyumba, shule, hospitali, posho ya unga. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka wa 1994 uzalishaji haukufika tani 50,000. Kuanzia mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wetu Dibwe dia Mwembu alikipa kitabu chake cha mwaka wa 2001 jina linalosema kwamba Bana Shaba waliachwa na baba yao. Baba wengi hapa mjini hawakuhitaji kukisoma ili kuelewa.

Na ni nani aliyelisha nyumba wakati ule? Ni bamama, kwa bilanga pembeni ya mji na kwa meza ndogo ya kuuzia mbele ya mlango. Kule Zanzibar vilevile, karafuu ilipoanguka, wanawake wa pwani walianza kulima mwani baharini kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Baadaye utalii ukawa mkubwa.

5. Fundisho

Tukilinganisha, tunaona mambo matatu. La kwanza, ukosefu wa madini haukukizuia kisiwa kile kufanya biashara na dunia. La pili, mwenye kutegemea kitu kimoja, kiwe mti ao jiwe, anaanguka pamoja nacho. La tatu, na hili ndilo linalotuuma, wababu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jairam Sewji alikuwa na daftari.

Leo Kongo imekuwa ya pili duniani kwa shaba. Malori yanapanga foleni ndefu Kasumbalesa, mengi yakielekea Dar es Salaam, pwani ileile ya misafara. Tuwafundishe watoto kuhesabu malori hayo, na kuuliza kila moja linaacha nini linapopita. Tuwafundishe pia kuheshimu bilanga ya mama zao, maana siku kampani iliponyamaza, ndiyo iliyojibu.