Kuta za Kupanga: Nusu Karne ya Maonyesho ya Pamoja Nairobi

Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache tu mwaka 1966. Alipoachana na siasa aliendelea na kazi aliyoipenda zaidi, kukusanya vinyago, vitabu, stempu, hati na michoro kutoka kila pembe ya Afrika. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga, akitarajia igeuzwe kituo cha kusomea mambo ya bara hili. Nyumba iliachwa ikachakaa, ikabomolewa, na kiwanja kikakatwakatwa. Sehemu ya mkusanyo wake leo unaweza kuiona katika Makavazi ya Kitaifa, katikati ya jiji, lakini ukuta alioukusudia haupo.

Kama hayo yalimpata aliyekuwa makamu wa rais, mchoraji wa Kiambu asiye na jina angefanyaje? Mtu mmoja hawezi kukodi ukumbi Nairobi. Kodi haimsubiri mteja. Ndiyo maana hapa maonyesho ya pamoja hayakuwa ngazi ya wanagenzi wanaongoja zamu ya kuonyesha peke yao. Yalikuwa njia ya kupata mahali pa kupigilia msumari.

Wa kwanza kulielewa hilo vizuri alikuwa Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amechora michoro mitano mikubwa ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu James huko Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu wake ni Mwafrika, na milima inayomzunguka ni ya Wagikuyu. Michoro hiyo haijapata kuhamishwa na mwenye nyumba yeyote. Mwaka 1965, Njau na wenzake, miongoni mwao mwanahabari Hilary Ng'weno na mshairi Jonathan Kariara, walifungua Paa ya Paa, jumba la sanaa, jijini. Haikuwa ya wachoraji peke yao, kwani washairi na watu wa tamthilia nao walikuwa na nafasi yao. Baadaye ikahamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu, ikawa makazi na jumba la sanaa kwa pamoja chini ya Njau na mkewe Phillda. Mwaka 1997 moto ukateketeza jumba pamoja na michoro na kumbukumbu za miaka thelathini. Mchoro ulioungua mtu anaweza kujaribu kuuchora tena. Kumbukumbu hazina jaribio la pili, na sehemu kubwa ya pengo tunalolikuta tukitafuta nani alionyesha nini, lini, ilizaliwa siku ile.

Sambamba na Paa ya Paa lilikuwepo pia jumba la Gallery Watatu, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Jony Waite, Robin Anderson na David Hart. Katika miaka ya 1980 likaingia mikononi mwa Ruth Schaffner, na mambo yakabadilika. Schaffner alifungulia mlango watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa. Jak Katarikawe, Mganda aliyewahi kuwa dereva, alitundika hapo ng'ombe wake wenye macho ya watu. Sane Wadu, aliyeacha ualimu ili achore, naye aliingia. Lawama hazikukosekana, na nyingine zilikuwa za haki: waliosomea sanaa walilalamika kwamba mama huyo aliwapendelea wasiosoma kwa sababu ndio waliowavutia wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Lakini alilipa, na mchoraji mwenye watoto hulikumbuka hilo kwanza. Alipofariki mwaka 1996 jumba likayumba, na hatimaye likafungwa.

Kuna aliyekuwa ameshajipanga kabla ya hapo. Mwaka 1992 Shine Tani, mwanasarakasi wa zamani, alianzisha kundi la wachoraji huko Banana Hill, Kiambu, na leo anaendesha jumba la sanaa hapo pamoja na mkewe Rahab. Nenda siku kuna maonyesho ya pamoja. Kazi zimesongamana hadi ng'ombe wa huyu wanakaribia kugusana na matatu za yule, na kando ya kila moja kuna kikaratasi cha jina, aina ya rangi na bei. Kazi iliyonunuliwa hubandikwa alama nyekundu na huachwa hapo hadi maonyesho yaishe (mnunuzi mwenye haraka hujifunza subira). Msogelee mchoraji akikagua kazi ya jirani yake utamwona akiinamia pembeni, pale rangi inapokutana na fremu, maana huko ndiko uvivu hujificha. Mazungumzo mengi ni ya bei: nani kapandisha, nani kauza mapema mno. Wanaodhani wasanii hukaa wakijadili uzuri hawajakaa nao.

Hata Sane Wadu, aliyepitia Gallery Watatu, alilazimika kungoja hadi mwaka 2022 ndipo taasisi ya sanaa ya NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilipomwandalia maonyesho ya kuitazama kazi yake ya miaka mingi. Yalifanyika ndani ya jengo la maduka, kwenye Barabara ya Limuru.