Mtazamo na Mwonekano katika Mchoro wa Kiufundi

Chukua kipande cha chuma chenye uso ulioinama nyuzi 30, na kwenye uso huo tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 20. Uchore kwa kuutazama kutoka juu: tundu linageuka duaradufu, milimita 20 kwa 17.3. Sura za kawaida, yaani mbele, juu na upande, hazimsaidii fundi hapo. Anataka kuuona uso ule ana kwa ana.

Katika SolidWorks unabofya uso huo, unabonyeza Ctrl na 8, na modeli inageuka kukuelekea. Kisha unabonyeza kitufe cha nafasi, dirisha la mielekeo linafunguka, nawe unahifadhi mwelekeo kwa jina, tuseme USO_A. Ukihamia kwenye karatasi ya mchoro, utalikuta jina hilo kati ya sura unazoweza kuweka. Ila uso kukuelekea hakuamui upande upi uwe juu, na wengi hulisahau hili. Chagua uso wa pili pamoja na wa kwanza kabla ya kutoa amri. Huo wa pili ndio utakaokaa juu.

Sasa hiyo USO_A tuiiteje? Kiingereza hutumia neno moja, view, kwa kinachohifadhiwa na kwa kinachochorwa, na tafsiri nyingi hufuata mkumbo: vyote viwili huitwa mwonekano. Mimi napendekeza tuvitenganishe, kwa sababu programu yenyewe inavitenganisha. Ongeza tundu lingine kwenye modeli: kilichochorwa kwenye karatasi kitabadilika, USO_A itabaki vilevile. Badilisha mwinamo uwe nyuzi 45: USO_A bado inatazama kwa nyuzi 30, na duara linarudi kuwa duaradufu.

Basi kilichohifadhiwa ni mtazamo, kutokana na kutazama. Kilicho kwenye karatasi ni mwonekano, kutokana na kuonekana. Najua mtazamo umezoeleka kwa maana ya maoni, lakini mbele ya modeli hakuna atakayechanganya. Neno mandhari siliafiki kabisa hapa; hilo ni la milima na bahari.

Kwa hiyo mwinamo unaoweza kubadilika uchorewe mwonekano saidizi, unaoshikamana na ukingo wa uso na kuufuata. Mtazamo maalumu uwekewe nyuso zilizoinama pande mbili kwa mpigo, na upewe jina la uso wenyewe.