Fahamu: Dhahabu ya Kongo na kesi iliyoangusha sheria ya "habari za uongo" Uganda

Mwaka 1997, waandishi wa habari wawili walipelekwa mbele ya hakimu mjini Kampala sababu ya habari moja iliyohusu dhahabu ya Kongo. Kesi ilidumu zaidi ya miaka sita. Mwishowe ilifuta sheria iliyoachwa na Waingereza, waliotawala Uganda mpaka 9 Oktoba 1962. Wakaaji wa Ituri na Kivu ya Kaskazini wanaopata redio za Uganda kila siku wataelewa hapa namna uhuru wa vyombo hivyo ulivyopatikana, na mahali unapogonga ukuta.

Habari yenyewe

Tarehe 21 Septemba 1997, gazeti Sunday Monitor liliandika kwamba Raisi Laurent-Désiré Kabila aliilipa serikali ya Uganda dhahabu, kama shukrani kwa msaada wa vita ya kumuondoa Mobutu. Ilikuwa miezi minne tu baada ya AFDL kuingia Kinshasa. Gazeti halikusema limeiona ile dhahabu kwa macho. Lilirudilia ripoti ya jarida moja la Paris, na likasema wazi habari imetoka wapi.

Mwezi uliofuata, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kifungu cha 50 cha sheria ya makosa ya jinai. Kifungu hicho kilisema: anayetangaza habari ya uongo inayoweza kuogopesha watu ao kuvuruga usalama, anaweza kufungwa mpaka miaka miwili. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1950, wakati wa ukoloni. Wakoloni waliondoka, kifungu kikabaki, na kila serikali iliyokuja ilikikuta mezani.

Waliendelea hata kisha kuachiliwa

Hakimu hakuwakuta na hatia. Wangeweza kurudi kazini na kunyamaza, lakini sheria ingebaki inamngojea mwandishi mwingine. Kwa hiyo waliendelea na swali kubwa zaidi: je, kifungu hicho kinapatana na Katiba ya 1995, ambayo kifungu chake cha 29 kinalinda uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari?

Mahakama ya Katiba ilikataa ombi lao. Wakakata rufaa. Tarehe 11 Februari 2004, Mahakama ya Juu ya Uganda iliwapa haki na kufuta kifungu cha 50. Jaji Joseph Mulenga ndiye aliyeandika hukumu kuu. Sababu zake zilikuwa nyepesi kufahamu: haki ya kusema haipotei eti kwa sababu maneno yamekuwa na kosa, na serikali haiwezi kufunga mtu kwa hatari ya kuwazia tu. Hatari inapaswa kuwa ya kweli.

Mlango huo ukafunguka zaidi. Mwaka 2010, Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Januari 2023, ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichokuwa kinatumiwa kukamata watu kwa maandishi ya kwenye intaneti.

Ukuta uliobaki

Lakini kuna njia ya kufunga mdomo bila kupita kwa jaji. Septemba 2009, katika fujo zilizotokea Kampala kisha Kabaka wa Buganda kuzuiwa kwenda Kayunga, redio CBS ilizimwa. Ilirudi hewani Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mzima. Mei 2013, polisi walizunguka Daily Monitor kwa siku kumi hivi, sababu ya barua ya jenerali mmoja. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilikatwa. Sheria ya jela ilianguka. Lakini ruhusa ya kutangaza, mitambo na polisi vilibaki mikononi mwa serikali.

Na huku Kongo?

Suala la mali ya Kongo halikuishia gazetini. Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini La Haye ilisema Uganda ilivunja wajibu wake katika vita iliyoanza 1998, hata juu ya uporaji wa mali ya asili. Februari 2022 iliamuru ilipe dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo ni za mali ya asili. Hukumu hiyo haisemi kitu juu ya ile habari ya 1997. Lakini inaonyesha kwamba kuuliza dhahabu inakwenda wapi halikuwa swali la kijinga.

Kongo yenyewe bado ina kosa la kueneza uvumi wa uongo. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 na akatoka gerezani Machi 2024, kisha kuhukumiwa miezi sita. Alikuwa amekwisha kukaa ndani zaidi ya miezi hiyo sita wakati hukumu ilisomwa.