Mkono na Muda: Filamu za Hali Halisi kuhusu Kusaidiwa Kufa, 1994–2011

Insha hii inachunguza filamu nne za hali halisi zilizorekodi watu wakisaidiwa kufa. Istilahi hiyo, "kusaidiwa kufa", imechaguliwa kwa tahadhari. Kiswahili kina vitenzi vilivyo wazi, kuua na kujiua, lakini kila kimoja kinabeba hukumu kabla mjadala haujaanza. Sheria za nchi zinazohusika nazo hazikubaliani. Kifungu cha 115 cha sheria ya adhabu ya Uswisi kinazungumzia kumsaidia mtu kujiua, na kinamwadhibu tu anayefanya hivyo kwa maslahi yake binafsi. Sheria ya jimbo la Oregon, Marekani, inakataa kwamba kitendo hicho ni kujiua. Mahakama ya Michigan, kama itakavyoonekana, ilikiita mauaji.

Ni rahisi kuuliza kila filamu iko upande gani. Maswali yanayoongoza insha hii ni mengine: mkono wa nani ulitoa dawa, na mtazamaji alisubirishwa kwa muda gani? Majina ya wagonjwa hayatajwi. Walikubali kurekodiwa, hawakuulizwa kama wangependa kuwa mifano katika maandishi ya kitaaluma.

Filamu ya kwanza, Dood op verzoek ya Maarten Nederhorst, ilirushwa nchini Uholanzi mwezi Oktoba 1994 na IKON, shirika la utangazaji la makanisa. Wakati huo kumuua mtu kwa ombi lake kulikuwa bado ni kosa la jinai, ila daktari aliyefuata taratibu zilizokubaliwa na kutoa taarifa hakushtakiwa. Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Hivyo filamu ilionyesha jambo lililovumiliwa bila kuruhusiwa, na pengine ndiyo sababu sehemu yake kubwa ni utaratibu: daktari anamtembelea mgonjwa nyumbani, daktari wa pili anaombwa maoni, fomu zinajazwa. Mkono uliotoa dawa ni wa daktari, na kamera haiufichi.

Mkono huohuo ulileta matokeo tofauti kabisa Michigan. Tarehe 22 Novemba 1998 kipindi cha 60 Minutes cha CBS kilionyesha mkanda aliourekodi Dkt. Jack Kevorkian mwenyewe. Katika kesi zake za awali, ambazo zilikuwa zimeishia bila hatia au bila uamuzi, mgonjwa ndiye aliyeanzisha utaratibu wenyewe. Safari hii Kevorkian alidunga sindano kwa mkono wake, kisha akawapa changamoto waendesha mashtaka wamshtaki. Walimshtaki. Mkanda ukaonyeshwa mahakamani, na mwaka 1999 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 25 kwa mauaji ya daraja la pili. Aliachiliwa mwaka 2007. Kwa mwanahistoria, mkanda huu ni chanzo cha ajabu: kilichotengenezwa kiwe utetezi kiligeuka kuwa ushahidi wa mashtaka, bila picha hata moja kubadilika.

Choosing to Die, iliyoongozwa na Charlie Russell na kurushwa na BBC Two tarehe 13 Juni 2011, inastahili nafasi zaidi. Msimulizi wake ni mwandishi wa riwaya Terry Pratchett, aliyekuwa ametangaza mwaka 2007 kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Anasafiri hadi Uswisi pamoja na Mwingereza mwenye ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, ambaye anapokewa na shirika la Dignitas. Hapa mkono ni wa mgonjwa. Anaulizwa zaidi ya mara moja kama ana hakika. Anapewa kwanza dawa ya kutuliza tumbo, halafu ile ya kufisha, naye anainywa akiwa ameketi kando ya mkewe. Nje kuna theluji. Analala, anakoroma, kisha kimya. Sheria inatosheka pale kikombe kinapofika mdomoni. Mtazamaji bado ana safari ndefu mbele yake, kwa sababu kamera haiondoki.

Mwandishi wa insha hii alipoitazama mara ya kwanza aliizima kabla ya kikombe kutolewa. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekaa wodini kando ya baba yake mzazi aliyekuwa mahututi, akihesabu pumzi. Jambo hili linatajwa kwa sababu ya tatizo la vyanzo. BBC ilipokea mamia ya malalamiko, na malalamiko huhesabiwa na kuhifadhiwa. Aliyezima televisheni na kwenda kukaa peke yake jikoni hayumo katika kumbukumbu yoyote, wala aliyetazama mpaka mwisho akamkumbuka mtu wake. Tukiandika historia ya mapokeo ya filamu hizi kwa malalamiko pekee, tutakuwa tumeandika historia ya waliopiga simu.

Mwaka huohuo wa 2011, How to Die in Oregon ya Peter Richardson ilishinda tuzo kuu ya filamu za hali halisi za Marekani katika tamasha la Sundance. Sheria ya Oregon, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inamtaka mgonjwa mwenye matarajio ya kuishi yasiyozidi miezi 6 ajinyweshe dawa mwenyewe. Filamu inaanza kwa kuonyesha hilo waziwazi: mzee anakunywa mbele ya jamaa zake, na kamera imo chumbani. Lakini mwanamke ambaye tumekuwa naye kwa sehemu kubwa ya filamu anapofikia siku yake, Richardson anaitoa kamera nje. Ni usiku. Tunaona nyumba na mwanga wa dirisha, na tunasikia sauti za waliomo ndani. Mkono hatuuoni. Muda tunaachiwa wote.