Vishubaka 1024 vya Calcutta

Vitabu vya kumbukumbu vya hekalu havikosi habari za waliojenga reli na waliofungua maduka ya kwanza. Safari hii tumeiomba kamati nafasi ya kuwakumbuka maofisa wawili wa polisi ya Bengal, ambao kazi yao ilifika Kenya kwa njia ambayo wengi wetu hatuifahamu. Hem Chandra Bose alikuwa wa dini yetu. Azizul Haque alikuwa Mwislamu. Walifanya kazi katika ofisi moja.

Alama ya mkono ilianza kutumika Bengal kwa sababu ambayo sisi wafanyabiashara tunaielewa upesi. Mwaka 1858 William Herschel, mtawala wa Kiingereza, alimtaka mzabuni Rajyadhar Konai atie alama ya kiganja kwenye mkataba, ili baadaye asije akaukana. Lakini mkataba mmoja si kazi ngumu. Tatizo la polisi lilikuwa kubwa zaidi: ukiwa na karatasi za maelfu ya wahalifu, utaipataje moja unayoitaka?

Edward Henry, aliyekuwa Inspekta Mkuu wa Polisi wa Bengal tangu mwaka 1891, alitafuta kijana hodari wa hesabu. Akapewa Haque, aliyesoma Presidency College, akaajiriwa kuwa inspekta mdogo. Haque aligawa vidole kumi katika jozi tano, na kila jozi akaipa thamani yake: 16, 8, 4, 2 na 1. Penye mstari wa mzunguko thamani huhesabiwa. Penye tao au kitanzi haihesabiwi. Hesabu hiyo hutoa makundi 32 mara 32, yaani vishubaka 1024 vya kabati. Karani akishapata namba, huenda moja kwa moja kwenye kishubaka chake. Bose aliendeleza migawanyo midogo zaidi na akabuni namna ya kuieleza alama kwa simu ya maandishi.

Mwaka 1897 serikali ya India iliukubali mfumo huo, na ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta, ya kwanza duniani. Mwaka uliofuata meneja wa shamba la chai huko Jalpaiguri aliuawa. Juu ya kalenda ya Kibengali ilionekana alama ya kidole, nayo ikalingana na ya Kangali Charan, mtumishi wake wa zamani aliyewahi kufungwa. Mahakama ilimtia hatiani kwa wizi, ila kwa mauaji ilimwachilia, kwa kuwa hapakuwa na aliyeshuhudia. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uangalifu wa kuheshimika.

Henry alichapisha kitabu mwaka 1900, akahamia London mwaka 1901, na mwaka 1903 akawa Kamishna wa Polisi wa jiji hilo. Dunia nzima ikauita mfumo huo kwa jina lake. Haque alisubiri hadi mwaka 1913 kupewa cheo cha Khan Sahib, na mwaka 1924 Khan Bahadur. Alipewa pia rupia 5,000. Bose naye akawa Rai Bahadur, kwa maana hata heshima serikali ile iliigawa kwa dini. Mwaka 1926 Henry alikiri kwa maandishi kwamba Haque ndiye aliyechangia zaidi ya wasaidizi wake wote. Haque alifariki mwaka 1935, akazikwa Motihari, Bihar.

Tungependa kuishia hapo kwa fahari, lakini haingekuwa haki. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa hapa Kenya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Kibarua aliyetoroka kazini alisakwa kwa karatasi hizo. Sisi Wahindi hatukulazimishwa kubeba kipande. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi humo, na miongoni mwa waajiri walikuwamo wazee wetu wenye maduka. Hatujapata kumsikia hata mmoja wao akisimulia kwamba hesabu ile ya vidole ilibuniwa Calcutta, na Wahindi.