Friji Inayonguruma na Ile Iliyonyamaza

Kaa kimya jikoni usiku, utaisikia. Friji inanguruma, inanyamaza, baada ya muda inaanza tena. Tumeizoea sauti hiyo kiasi kwamba tunaikumbuka pale tu umeme unapokatika. Sasa swali: ni lazima friji ingurume?

Hapana. Tangu mwaka 1922 kumekuwepo friji isiyo na mota wala feni, ambayo haitoi sauti yoyote na inaweza kufanya kazi kwa moto wa mafuta ya taa. Friji hiyo iliuzwa dunia nzima. Basi ilikuwaje ile yenye kelele ndiyo ikaingia karibu kila nyumba? Tukilifuata swali hili tutapita kwenye sumu, biashara, chanjo za watoto, na mwisho tutafika Kigali.

Kabla ya friji

Watu hawakusubiri umeme ili wahifadhi chakula. Pwani yetu samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa akawa ng'onda. Bara mboga zilikaushwa juani. Maji yalipozwa kwenye mtungi wa udongo, na mtungi huo ni somo zuri la fizikia. Maji kidogo hupenya kwenye vitundu vya udongo na kutoka nje, kisha huvukiza. Ili yageuke mvuke yanahitaji joto, na joto hilo yanalichukua kwenye mtungi wenyewe. Kinachobaki ndani kinapoa.

Friji inatumia kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mtungi unapoteza maji yake hewani, wakati friji inakikamata kile kilichovukiza, inakirudisha kuwa kimiminika na kukitumia tena.

Kwa wenye fedha kulikuwa na njia nyingine: barafu ya kununua. Karne ya 19 Wamarekani walikata mapande ya barafu kwenye maziwa wakati wa baridi, wakayafunika kwa unga wa mbao na kuyasafirisha kwa meli. Mwaka 1833 shehena ya namna hiyo ilitoka Boston ikafika Calcutta, India, ikiwa bado barafu. Mijini, familia zilikuwa na sanduku la barafu jikoni, na muuza barafu alipita kama anavyopita muuza maziwa.

Sumu jikoni

Viwanda, hasa vya bia na nyama, vilikuwa na mashine za kupoza tangu karne ya 19. Shida ilikuwa kuipunguza mashine hiyo ienee jikoni. Mwaka 1913 mjini Chicago, Fred Wolf alitoa kifaa cha umeme kilichoitwa Domelre, ambacho kilifungwa juu ya sanduku la barafu. Miaka michache baadaye General Motors, kampuni ya magari, ilichukua kampuni changa ya majokofu, na jina la Frigidaire likazaliwa. Mwaka 1927 General Electric ikaleta friji iliyobeba mashine yake kichwani kama mzigo, na hiyo ndiyo iliyovuma kwelikweli.

Lakini humo ndani mlipita gesi gani? Salfa dayoksaidi, amonia, au methili kloridi. Zote tatu zina sumu. Amonia na salfa dayoksaidi angalau zinanuka vibaya, kwa hiyo mtu anaamka na kukimbia. Methili kloridi haina harufu kali, na mwaka 1929 watu kadhaa walikufa Chicago baada ya gesi hiyo kuvuja ndani ya nyumba zao. Wapo walioamua kuliweka friji kibarazani.

Hofu hii ilimfikia hata Albert Einstein. Inasimuliwa kwamba alisoma gazetini habari ya familia moja ya Berlin iliyouawa na gesi ya friji. Akaungana na mwanafizikia kijana, Leo Szilard, wakabuni majokofu yasiyo na sehemu zinazozunguka, maana pale pasipo na kitu kinachozunguka hakuna mwanya wa kuvuja. Hataza yao ya Marekani ilitolewa mwaka 1930. Friji ya Einstein haikuwahi kufika dukani.

Wanafunzi wawili wa Stockholm

Wakati huo tayari kulikuwa na friji tulivu iliyokuwa ikiuzwa. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi jijini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayopozwa kwa moto. Ndiyo, kwa moto.

Inafanya kazi hivi. Amonia imeyeyushwa ndani ya maji. Mwali mdogo unaupasha mchanganyiko huo, amonia inatoka kama gesi, inapanda juu, inapoa na kuwa kimiminika. Kisha inaingia kwenye bomba lenye haidrojeni, ambako inavukiza kwa urahisi na kunyonya joto la ndani ya friji, kama vile maji ya mtungi. Mwisho inamezwa tena na maji, na mzunguko unaanza upya. Mabomba yote yamefungwa kwa kuchomelewa. Hakuna mota ya kuharibika.

Mwaka 1925 kampuni ya Electrolux ilinunua haki za ubunifu huo. Marekani, kampuni ya Servel iliuza friji za gesi za aina hii hadi miaka ya 1950.

Kwa nini yenye kelele ilishinda?

Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alilichunguza swali hili katika miaka ya 1980, na hoja yake ni hii: friji ya kompresa haikushinda kwa ubora wa mashine peke yake. Nyuma yake zilisimama General Electric, General Motors na Westinghouse, zenye fedha za utafiti na matangazo. Kampuni za umeme nazo ziliipenda, na si ajabu: taa huzimwa usiku, ila friji hula umeme saa 24. Kampuni za gesi hazikuwa na nguvu hiyo.

Tuwe wa haki, lakini. Kompresa inatumia nishati kidogo kuliko moto kutoa baridi ile ile, na hilo si jambo dogo. Ninachotaka ukione ni kwamba kifaa unachokikuta dukani ni matokeo ya fizikia pamoja na hesabu za biashara. Karibu mwaka 1930 chini ya nyumba moja kati ya kumi za Marekani ilikuwa na friji. Kufikia 1940 zilikuwa karibu nusu.

Iliyonyamaza ikahamia zahanati

Friji ya moto haikufa. Ilipata kazi mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika. Afrika Mashariki ilikaa kwenye nyumba za misheni, kwenye maduka ya bara, na muhimu kuliko yote, kwenye zahanati.

Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi zinapoteza nguvu. Na nyingine, kama ya pepopunda, zinaharibika zikiganda. Kichupa kilichoharibika mara nyingi unakiona sawa tu na kizima. Muuguzi anaweza kumchoma mtoto, mama akarudi nyumbani ameridhika, kumbe mtoto hana kinga.

Kwa miongo mingi kazi ya kuzuia hilo vijijini ilifanywa na mwali wa mafuta ya taa. Haikuwa kazi rahisi: utambi ukichafuka moto unatoa moshi, mafuta yakiisha baridi inaisha, na kuidhibiti nyuzijoto kunahitaji jicho la kila siku. Ndiyo maana leo nafasi yake inachukuliwa na majokofu ya sola, ambayo mengine hugandisha barafu mchana ili ishike baridi usiku kucha.

Gesi salama iliyokuja na deni

Turudi kwa zile sumu. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakiwa General Motors, walipata gesi iliyoitwa baadaye Freon. Haiwaki, haina sumu ya kutisha, haina harufu. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, Midgley aliivuta kifuani kisha akaipuliza kuzima mshumaa. Ujumbe ulieleweka, na kweli friji ikawa salama jikoni.

Sifa iliyoipa umaarufu ndiyo iliyoleta balaa. Gesi hiyo haiungani na kitu kirahisi, kwa hiyo ikivuja haiozi wala hainyeshi na mvua. Inapanda hadi juu kabisa, ambako mwanga mkali wa jua unaivunja na kuachia klorini, na klorini inaharibu ozoni inayotukinga na miale ya jua. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya. Mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo.

Gesi zilizochukua nafasi yake hazigusi ozoni, ila zinapasha dunia joto: kilo moja ya R-134a ina nguvu zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Hivyo Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kuzipunguza nazo. Marekebisho hayo yanaitwa kwa jina la mji huo.

Leo ukipata nafasi, soma kibandiko kilicho nyuma au ndani ya friji yako. Ukikuta R-12, hiyo ni ile ya Midgley, na friji ni ya zamani sana. R-134a ni ile iliyojadiliwa Kigali. R-600a ni isobyuteni, ambayo athari yake kwa tabianchi ni ndogo mno, lakini inawaka moto, kwa hiyo usimruhusu fundi asiyeijua aiguse. Na yeyote atakayekuja kuitengeneza, muulize kwanza ile gesi ya zamani ataitoa aipeleke wapi. Akikuambia anaiachia tu hewani, tafuta fundi mwingine.